Benzi kwa Ng'ombe wa Marietha

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, pole, nakufupishia. Mimi ni Melkizedeki, Melki kwa wanaonijua, na kwa wanaonijua vizuri zaidi ni "yule tena". Nilifukuzwa udereva wa lori la Kanta kwenye mashine ya kukamua alizeti. Kisha nikaenda Kiomboi kumposa Jenipher, watu watatu juu ya pikipiki moja: dereva, mimi, na baba mdogo Philipo katikati kama nyanya kwenye mshikaki.

Mzee Abraham, baba yake Jenipher, alitutazama tulivyojaa vumbi mpaka kwenye kope. Akamuuliza mkewe, "Hawa wamekuja kuposa au wameokotwa barabarani?"

Akatupa muda mpaka Jumamosi turudi "kama watu".

Hapo ndipo nilipowaacha. Mlidhani nimefika chini kabisa. Hata mimi nilidhani hivyo.

Siku iliyofuata baba mdogo alinifuata nyumbani Shelui akiwa anatabasamu. Baba mdogo akitabasamu ujue kuna mtu atalia, na huwa si yeye.

"Nimepata dawa," akasema.

"Dawa ya nini?"

"Ya vumbi."

Dawa yenyewe ilikuwa imeegeshwa nyuma ya gereji, kando ya barabara ya Nzega. Benzi. Jeusi, refu, la zamani, weusi wake umechoka kama suti ya mwalimu mstaafu. Pembeni alisimama Laurenti, dalali. Huyu Laurenti huuza mbuzi, viwanja, madirisha yaliyotumika, na wakati wa uchaguzi huuza makofi. Alikuwa amevaa miwani ya jua chini ya bati.

"Kijana, usiongee," akaniambia. "Fungua mlango, ufunge. Sikiliza."

Nikafungua, nikafunga. Ulitoa mlio mzito.

"Umesikia? Haya magari yenu ya vijana yakifunga mlango yanasema kacha. Hili linasema amina."

"Mbona limelala?" nikauliza. Kwa nyuma lilikuwa limeshuka mpaka bodi imelalia tairi.

"Halijalala. Linaamkia."

"Linamwamkia nani?"

"Wakubwa. Magari haya yana upepo mahali pa springi. Likikaa bila kazi linapiga magoti, ukiwasha linasimama. Lina adabu kuliko wewe, tangu umefika hujanipa hata shikamoo."

"Shikamoo."

"Marahaba. Na gari je?"

Baba mdogo alicheka mpaka akashika boneti. Huyu ni mtu ambaye chombo cha moto alichowahi kumiliki ni jiko la mkaa. Sasa alikuwa anapapasa taa za Benzi kama anayepima fahali.

Niliingia, nikawasha. Mbele yangu ziliwaka taa za kila rangi, utadhani ukumbi wa harusi. Moja ilikuwa imezibwa kwa plasta nyeusi.

"Na hii?"

"Hiyo ni taa yenye wasiwasi," Laurenti akasema. "Kazi yake kumtia dereva hofu bure. Mwenye gari aliiziba apate amani."

Nikageuka siti ya nyuma. Ngozi ilikuwa imepasuka, na kwenye mpasuko limejichomeka nyoya. Nikalichomoa. Jekundu, lenye doa jeusi.

"Wazungu," Laurenti akasema kabla sijauliza. "Siti za daraja la juu hujazwa manyoya."

"Ya kuku wa kienyeji?"

"Wewe umefika Ulaya ukajua wanafuga kuku gani?"

Nikamuuliza mwenye gari ni nani. Akashusha sauti. Akasema ni mtu mzito, hataki kutajwa, na watu wazito hawauzi, wanaachia. Nikauliza anaachia kwa bei gani.

"Hataki hela. Anataka ng'ombe."

Ndipo nikaelewa kwa nini baba mdogo alitabasamu.

Ng'ombe tulionao ni wa Marietha, dada yangu. Waliletwa na Clement wa Misigiri alipomwoa. Kwetu, ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka anayemfuata. Kaka ni mimi. Baba alishafariki, kwa hiyo zizi linashikwa na baba mdogo, ila neno la kuwatoa ni langu. Na kuna jambo la pili kila mtu analijua na hakuna anayelisema siku ya harusi: ndoa ikivunjika, ng'ombe hao hao hurudi walikotoka. Wakirudi, na mke amerudi kwao. Wasiporudi, hata akimbilie Mwanza, bado ni mke wa mtu.

"Sasa nikitoa ng'ombe kwa Benzi, Jenipher nitamwoa kwa nini?" nikauliza.

"Ndiyo maana ulifeli hesabu," baba mdogo akasema. "Mzee Abraham ana ng'ombe wa kujaza bonde. Atashtuliwa na hawa wako? Lakini mkwe mwenye Benzi hana. Ukoo wake mzima hauna. Ukishuka humo Jumamosi, atakupa binti, halafu mahari utalipa polepole kwa kukodisha gari kwenye harusi. Maharusi wa hapa mpaka Iguguno wamechoka kupanda Noa."

Nikasema sawa, tulipandishe basi Sekenke tuone. Ukitoka Shelui kwenda Kiomboi lazima uupande huo mlima, na malori hupanda yakilia kama yamefiwa.

Laurenti alivua miwani. Alionekana ameumia kweli.

"Benzi halijaribiwi mlimani. Wewe unaweza kwenda kuchumbia binti ukaanza kumbebesha mzigo wa kuni?"

"Ndivyo tunavyochumbia huku."

"Ndiyo maana mnakataliwa."

Tukaenda upande wa tambarare. Na hapa ndugu msomaji, nakiri. Nilikuwa namdharau Laurenti, namdharau baba mdogo, nalidharau gari pamoja na manyoya yake. Lakini tulipopita kituo cha bodaboda, wale jamaa wanaoniita "Kanta bila Kanta" walinyamaza. Mzee mmoja mwenye baiskeli alishuka pembeni, akavua kofia. Mzee wa umri wa babu yangu. Nilipaswa kusimama nimwamkie.

Sikusimama. Nilimpungia vidole viwili.

Kufikia tunageuza, dharau yangu yote ilikuwa imehamia kwa watembea kwa miguu.

Mchana Jenipher alipiga simu.

"Benzi rangi gani?"

"Umesikia wapi?"

"Baba mdogo wako kampigia baba. Baba kawaambia majirani. Kuna jirani ameshaomba lifti ya kwenda hospitali."

"Jeusi."

"Jeusi linaonyesha vumbi."

"Ndiyo hilo tu unalosema?"

"Unataka niseme nini, Melki? Wewe ndiye unayenunua."

Akakata. Jenipher ndivyo alivyo. Anasema kidogo, halafu unabaki nacho kama punje ya mchanga kwenye ugali.

Nikaenda kumwona Marietha. Ng'ombe wake, lazima asikie kutoka kwangu. Dada alikuwa nyumbani kwetu wiki ya pili sasa, amekuja na mwanawe Benson mgongoni, "kusalimia". Nilikuwa nimeshamtania kwamba salamu gani hizo zinazomaliza gunia la mahindi. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapepeta uwele, jua la kupasua kichwa, na kitenge amejifunika mabegani mpaka shingoni.

"Dada, ng'ombe wako wanataka kuacha majani, wahamie petroli."

"Petroli ghali," akasema, bila kusimamisha ungo.

Nikamweleza yote. Mlango unaosema amina, gari linaloamkia, taa yenye wasiwasi. Alitabasamu kidogo tu, upande mmoja.

"Na wewe na hicho kitenge," nikaendelea, maana nikianza sijui kukoma. "Joto hili. Au Misigiri mnafunikwa kama chapati zisipoe?"

Akaweka ungo chini. Akatazama kama mama yuko karibu. Kisha akashusha kitenge.

Michirizi ilianzia shingoni ikashuka mpaka chini ya blauzi. Mipana. Mingine myeusi, mingine imeanza kuwa ya njano. Alama za mpira wa baiskeli, ule wa kufungia mizigo.

Nina utani wa msibani. Nina utani wa mahakamani, niliutumia wiki ya tatu mkacheka. Hapo nilitafuta, sikupata hata mmoja.

"Clement?"

"Hapana, niliangukia ngazi ya Benzi."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilimwambia baba mdogo siku niliyofika. Akasema ndoa ni kuvumilia. Akasema nisiharibu, wewe unataka kuoa."

Akapandisha kitenge.

"Sirudi, Melki. Lakini ng'ombe wake wasiporudi, mimi bado ni wa kwake. Atakuja kunichukua kama mtu anayefuata jembe aliloazimisha. Na watu watamsaidia kubeba."

"Ng'ombe hawatoki."

"Na Jenipher?"

Nikatazama upande wa Kiomboi. Yeye akachukua ungo.

"Usiniahidi kitu ambacho hujakilalia," akasema. "Kalale kwanza."

Nikalala nacho. Sitawadanganya kwamba nililala vizuri. Kila nikifumba macho namwona mzee Abraham ananifungulia geti mwenyewe. Lakini kulipokucha neno langu lilikuwa lile lile, nikaondoka kwenda kwa baba mdogo kumwambia biashara imekufa.

Nilimkuta mkewe, mama mdogo Editha, anafagia uwanja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba yako mdogo ametoka alfajiri. Kavaa koti la kanisani."

"Leo kanisa?"

"Leo mnada," akasema, na akaacha kufagia. Wote wawili tukawa tumeelewa.

Nilirudi mbio. Nilisikia vigelegele kabla sijafika. Zizi lilikuwa wazi, mavi bado yanafuka moshi. Katikati ya uwanja wetu, jeusi, limepiga magoti mbele ya banda la mbuzi, lilikaa Benzi. Baba mdogo analizunguka na kitambaa. Majirani wamejaa kama kumezaliwa mapacha.

"Nilitaka kukushtukiza," akasema, akanitia ufunguo mkononi.

"Nilisema ng'ombe hawatoki."

"Kwangu hukusema. Ulisema turipandishe mlima."

"Tulipandishe."

"Umeona? Hata mate yako yanalitamani."

Nikamvuta pembeni, nikamuuliza kama ameuona mgongo wa Marietha. Alitazama chini. Kwa muda huo mfupi nilidhani kuna mtu humo ndani.

"Mgongo hupona, mwanangu," akasema. "Gari zuri likipita halirudi."

Nimekutana na watu wa hovyo wengi, na mfululizo huu ni ushahidi. Kuna bosi wa alizeti, kuna yule mganga wa simu. Baba mdogo aliwapita wote hapo hapo, akiwa amevaa koti la kanisani.

Marietha akatoka na mtoto mgongoni. Watu wakampisha, maana kila mtu anajua ng'ombe ni wa nani. Hakulia. Alilizunguka Benzi polepole, akafungua mlango wa nyuma, akaingiza mkono kwenye ule mpasuko wa siti. Akatoa nyoya. Jekundu, lenye doa jeusi.

"Kuku wangu," akasema.

"Hayo ni manyoya ya Ulaya," baba mdogo akamwelewesha.

"Ni kuku wangu, baba mdogo. Alitagia hapa mpaka akaangua. Gari hili lilikuwa nyuma ya jiko langu, limefunikwa turubai, tangu Clement alipolivuta kutoka Singida Mjini. Halijawahi kufika mbali kuliko chooni."

Jirani mmoja alianza kupiga kigelegele, akakiacha katikati.

"Laurenti alisema ni la mtu mzito," baba mdogo akasema.

"Ni mzito. Muulize mgongo wangu."

Nikapiga hesabu, hata mimi niliyefeli hesabu. Clement kasikia mke hataki kurudi. Kaona ng'ombe bado wako zizini kwetu, siku yoyote watarudishwa, ndoa iishe. Basi akawatoa zizini kwa gari bovu. Sasa ana ng'ombe, na mke hana pa kutokea. Sisi tuna banda la kuku lenye magurudumu manne.

"Wako wapi sasa hivi?" Marietha akauliza.

"Mnadani," baba mdogo akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Laurenti kawapeleka, mwenye gari anawapokea pale, wakate kibali cha kuwavusha mlima."

"Anawapokea mwenyewe? Kwa mkono wake?"

"Ndivyo alivyosema Laurenti."

"Mbele ya watu?"

"Mnada una watu, Marietha."

Dada yangu akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aje kusalimia. Akaingia siti ya nyuma, akamhamishia mtoto mapajani.

"Hawa si ndio ng'ombe wangu?" akasema, akipiga siti. "Basi wanibebe. Washa."

Nikawasha. Likainuka taratibu, nyuma kwanza, kama ng'ombe kweli. Baba mdogo akawahi kuruka siti ya mbele, na njia nzima, nawaapia, alikuwa anapungia watu.

Mnada ulikuwa umechangamka. Tulipoingia na Benzi watu walitupisha wenyewe, ng'ombe pia. Nikaegesha karibu na pale wanapokatia vibali. Na kweli, Clement alikuwepo. Kofia pana, fimbo ya kuswagia mkononi, ng'ombe wetu wamemzunguka, na Laurenti pembeni bado na miwani.

Kulikuwa na mtu mwingine ambaye sikumtegemea. Mzee Abraham, ameegemea pikapu yake, amekuja kununua madume. Aliponiona nashuka upande wa dereva, uso wake uliofungwa juzi ukafunguka kama duka.

"Mkwe," akaita.

Mkwe. Juzi tu nilikuwa kitu kilichookotwa barabarani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, marahaba. Ndilo hilo? Ah, ni zuri. Linaonekana zito." Akalizunguka, mikono nyuma, akitikisa kichwa kwa kila tairi.

Nyuma yake, ndani ya pikapu, nikamwona Jenipher. Ananitazama kupitia kioo. Hakupunga.

Marietha alishashuka. Akamfunga Benson mgongoni, akaenda moja kwa moja mpaka katikati ya ng'ombe.

"Shikamoo baba Benson."

Clement alimtazama juu mpaka chini. "Umekuja mwenyewe. Afadhali. Panda lile lori pale, tunaondoka."

Marietha akampa mgongo. Akawageukia wazee waliokaa kwenye magogo wakingoja vibali.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba."

"Mzee Urbano, wewe ulikuwa mshenga wangu. Hawa ng'ombe unawajua?"

Mzee Urbano ni mzee wa ugoro, mbishi, aliyewahi kugombana na kinyozi akaondoka amenyolewa nusu. Aliwatazama ng'ombe mmoja mmoja.

"Nawajua mpaka kwa mikia. Niliwaswaga mimi."

"Ukiwatoa kwa nani?"

"Kwa Clement."

"Ukawapeleka wapi?"

"Kwenu."

"Leo wako kwa nani?"

Mzee akatazama fimbo mkononi mwa Clement. Akaanza kuelewa. Nikaona na Laurenti anaelewa, maana alivua miwani na kuanza kurudi nyuma hatua kwa hatua.

"Kwa Clement," mzee akasema.

"Mmemwona wote amewashika?"

Wazee wakaguna. Walikuwa wamemwona.

"Basi mimi nimerudi kwetu," Marietha akasema. "Asanteni kwa kushuhudia."

Hata wauza supu waliacha kupiga kelele. Clement akaitazama fimbo yake kana kwamba kuna mtu amemshikisha bila yeye kujua. Jamaa alikuwa mjanja sana. Alifikiria zizi letu, akafikiria tamaa ya baba mdogo, akafikiria mpaka plasta ya kwenye taa. Hakufikiria kwamba kwetu mwanaume akipokea ng'ombe aliowatoa, amepokea na jibu.

"Nimewanunua," akasema. "Nimetoa gari. Lile pale. Hii ni biashara, hakuna mahari hapa."

"Tumenunua," baba mdogo akadakia kutoka ndani ya Benzi. Alikuwa hajashuka. "Mimi mwenyewe nilishuhudia."

"Philipo, funga mdomo na ufunge na kioo," mzee Urbano akasema. Akatema ugoro, akajipangusa. "Neno ni fupi. Kama gari ni la kwao, ng'ombe wameuzwa, na Marietha ni mke wa Clement. Kama gari si la kwao, ng'ombe wamerudi, na ndoa imeisha. Ng'ombe wa dada ni wa kaka anayeoa. Kijana, njoo hapa."

Nikaenda. Ufunguo ulikuwa mkononi, umelowa jasho.

"Gari hili umenunua, au hujanunua?"

Kabla sijafungua mdomo, mtu alinishika kiwiko. Mzee Abraham. Alininong'oneza kwa upole ambao hata mbwa wake sidhani kama anauonja.

"Mkwe, sema umenunua. Jumamosi njoo nalo, nitakufungulia geti. Mambo ya dada yako tutayazungumza wakubwa, polepole. Usipolinunua, ng'ombe huna, gari huna. Utakuja kwangu na nini, vumbi?"

Nikamtazama Marietha. Yeye hakunitazama. Alikuwa anamfunga mtoto vizuri, anakaza fundo ambalo tayari lilikuwa limekazwa.

Maisha yangu yote nimekuwa na la kusema. Darasani, kituoni, hadi polisi. Siku hiyo nilihitaji neno moja, na lilikuwa zito kama gunia.

"Sijanunua," nikasema.

Kiwiko changu kikaachiwa.

"Sema kwa sauti," mzee Urbano akasema. "Nina sikio moja."

"Gari hili sijanunua. Ni la Clement. Ng'ombe ni wa Clement. Dada ni wa kwetu."

Nikamnyooshea Clement ufunguo. Mzee Abraham alikuwa ameshanigeuzia mgongo, anarudi kwenye pikapu yake, anajikung'uta mkono kama aliyeshika uchafu.

Clement hakuupokea. Akadondosha fimbo, akaficha mikono nyuma.

"Kurudishiwa ni mpaka mtu apokee," akasema. "Mimi sipokei. Ufunguo uko kwenu, gari liko kwenu. Wazee, mnaona mikono yangu?"

Wazee wakatazamana. Wengine wakaanza kubishana. Mmoja akasema ng'ombe alishawapokea, yatosha. Mwingine akasema hapana, gari nalo lazima lipokelewe, la sivyo ni biashara. Mzee Urbano akawa anatafuna bila ugoro mdomoni. Na mimi nimesimama hapo, mkono umenyooka, ufunguo unaning'inia, hakuna anayeutaka.

Nikasikia mlango wa pikapu unafungwa.

Jenipher alikuwa ameshuka. Akampita baba yake bila kusimama, akapita katikati ya ng'ombe akiwasukuma kwa kiganja, akaja kusimama kati yangu na Clement. Alinukia sabuni. Alininyooshea mkono.

"Lete," akasema.

Nyuma yake mzee Abraham akaanza kutabasamu tena. Marietha akafumba macho.

"Jenipher, ukiushika wewe itakuwa tumenunua—"

"Melki. Lete."

Nikampa.